Kutoka Doduma hadi Bagamoyo: Hukwe Zawose na Bendi ya Nyumba Moja

Ndugu msomaji, kuna jambo katika historia ya mkoa wetu ambalo kila nikilifikiria nacheka, halafu nanyamaza. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yatoke Dar es Salaam yaje Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa, ramani zikachorwa, viwanja vikaanza kuhesabiwa. Lakini wakati serikali ndiyo kwanza inafikiria kufunga mizigo kuja huku kwenye vumbi, Mgogo mmoja wa Doduma alikuwa ameshafunga wake zamani na kushuka pwani. Mzigo wake ulikuwa ilimba, zeze na sauti. Serikali ilichukua zaidi ya miaka arobaini kufika kikwelikweli. Yeye katika miaka hiyo hiyo alifika majukwaa ya Uingereza na Marekani. Jina lake Hukwe Ubi Zawose.

Mimi ni mtoto wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini. Nimemaliza kidato cha nne, cheti kingine sina, na usiku naandika riwaya kwenye daftari la kaunta. Kila ninayemweleza ananipa ushauri ule ule: "Kama unataka kuandika, nenda Dar. Hapa utaandika nini, habari za zabibu?" Ndiyo maana historia ya Zawose na wenzake inanigusa. Naisoma nikitafuta jibu la swali linalotusumbua vijana wengi wa bara: je, ni lazima uache kwenu ndipo usikike? Na ukishaondoka, unabaki na nini cha kwako?

Kwanza tuelewane kuhusu neno bendi. Sisi watoto wa mjini tukisikia bendi tunafikiria magitaa, tarumbeta, drams na jamaa waliovaa sare, kama Msondo na Sikinde. Tukiona zeze na njuga tunasema hiyo ni ngoma, tunapita. Lakini bendi ni nini hasa? Ni watu wanaofanya mazoezi pamoja, wana sauti yao inayojulikana, wanarekodi, wanasafiri, wanapoteza wenzao na wanapokea wapya. Kwa kipimo hicho kundi la Zawose lilikuwa bendi tena bendi hasa, na limedumu kuliko bendi nyingi za dansi tunazozilia leo.

Zawose alizaliwa Doduma enzi za Mwingereza, akakua akichunga ng'ombe kama watoto wengi wa Ugogo. Anayeijua nchi hii hahitaji kuelezwa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza karibu na Desemba na kuishia Aprili, na mwaka ikigoma, mtama na uwele vinakauka shambani mbele ya macho yako. Kwa hiyo nyimbo za Wagogo zina kazi. Ziko za mvua, za jando, za mavuno na za msiba. Cipande ni ya mambo ya jando, nindo na msunyunho zina nafasi zake, na muheme ni ngoma zinazopigwa na wanawake, wamezibana kati ya magoti. Bibi yangu mzaa mama aliupiga muheme mpaka magoti yalipokataa. Nikimwuliza nani alimfundisha, ananiangalia kama nimemwuliza nani alimfundisha kutembea.

Jambo la pili ni sauti. Wagogo wakiimba hugawana sauti kadhaa zinazopishana na kukutana, bila mwalimu wa kwaya kumwambia huyu shika ya pili na yule shika ya tatu. Mtafiti wa Kihispania, Polo Vallejo, alitumia miaka mingi kuuchunguza muziki wa kijiji cha Nzali kwa sababu hiyo tu. Na ilimba nayo ina maajabu yake. Ni sanduku la mti lenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba, na kwenye tundu lake hubandikwa utando wa buibui ili sauti ivume kama nyuki. Zipo ndimi ambazo mpigaji hazigusi kabisa, zinatetemeka zenyewe jirani zake zikilia. Zawose alijitengenezea ilimba kubwa zenye ndimi nyingi kuliko kawaida, na mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko yale ya wazee. Watu wanaomwita mlinzi wa mila wanasahau hilo. Tangu mwanzo alikuwa fundi aliyeongeza vitu.

Sasa, mchungaji wa ng'ombe wa Doduma alifikaje Dar es Salaam? Hapo inaingia siasa. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alihutubia bunge na kutangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alilalamika kwamba wakoloni waliwafundisha wasomi wetu kucheza dansi za kwao, huku ngoma za nyumbani wengi hawazijui hata kwa majina. Baada ya hapo kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na wasanii wakatafutwa mikoani. Sifa za Zawose zilimfikia Mwalimu, naye akamwita aje aishi na kufanya kazi Dar es Salaam.

Bwana, hebu fikiria hiyo safari. Jana unaimba kwa sababu mvua imechelewa, leo unaimba kwa sababu mgeni wa serikali amewasili. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Mshahara ulikuwepo, na heshima ilikuwepo, maana mkoloni alikuwa ameiita ngoma mambo ya washenzi na sasa ilikuwa inapigwa mbele ya Rais. Lakini wimbo ulikuwa umepata mwajiri. Zawose aliimba kwa Kigogo, aliimba pia kwa Kiswahili kulisifu taifa na viongozi wake. Na huku nyuma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Dodoma ilikuwa inawahamisha watu wa kwao kutoka kwenye makazi yao ya zamani kwenda vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo ukisema Zawose aliiacha Ugogo, kumbuka kwamba Ugogo yenyewe ilikuwa inahamishwa.

Halafu hali ikabadilika. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iliikamua nchi, mafuta yakawa shida, sabuni ikawa shida, na sanaa haikuwa ya kwanza kwenye foleni. Kikundi cha taifa kikafikia mwisho wake, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Zawose akaweka makazi Bagamoyo, akafundisha, na akawavuta ndugu zake kutoka bara mmoja baada ya mwingine.

Bagamoyo si mahali pageni kwa watu wa Ugogo. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Ujiji na Tabora ilikatiza nchi yetu ikielekea huko. Watemi wa Kigogo waliitoza hongo, maana maji yalikuwa yao na msafara bila maji haufiki popote. Wapagazi wakifika pwani walisemekana kubwaga moyo, na watu wengi hulifasiri jina la mji kwa namna hiyo. Karne moja baadaye anapita Mgogo mwenye ilimba begani, safari hii amebeba mali yake mwenyewe. Nikiwa mwandishi napenda sana picha hiyo. Lakini nikiwa mtu wa hapa nauliza: moyo wake aliubwaga kweli, au aliubeba?

Ule ufinyu wa nchi ndio uliofungua mlango mwingine. Mwaka 1985 kampuni ndogo ya London, Triple Earth, ilitoa albamu yao Tanzania Yetu. Kundi likajulikana huko nje kama Mabingwa wa Muziki wa Tanzania. Baadaye kampuni ya Kijapani nayo ikatoa kazi ya Zawose. Ulaya wakati huo ilikuwa imeamka. Mwimbaji wa Kiingereza Peter Gabriel na wenzake walianzisha tamasha la WOMAD mwaka 1982, na mwaka 1989 wakaanzisha kampuni ya kurekodi, Real World, katika kijiji kiitwacho Box. Remmy Ongala na Super Matimila walirekodi huko kabla ya Zawose, mara mbili, kazi zikitoka 1989 na 1992. Zamu ya watu wa Doduma ikafika 1996 kwa albamu ya Chibite, Zawose akiwa na mpwa wake Charles na jamaa wengine.

Hapa naomba nikupeleke mbali kidogo, ndugu msomaji, mpaka Uskoti, maana mambo ya bendi ya mji mdogo si yetu peke yetu. Mwaka 1981, ule ule wa kuanzishwa kwa chuo cha Bagamoyo, vijana wa Dunfermline waliunda bendi iitwayo Big Country. Dunfermline ni mji mdogo, ila zamani ulikuwa makao ya wafalme wa Uskoti. Nao walikuwa na makao makuu yao, unaona! Wakati huo pop ya wimbi jipya ilikuwa imeshika Uingereza nzima, na bendi nyingi zilikuwa zinakimbilia vinanda vya umeme. Big Country wakashika magitaa ya umeme na kuyaliza yakafanana na zumari la mfuko, lile wanalopuliza Waskoti waliovaa sketi. Albamu yao ya kwanza, The Crossing, ilitoka 1983, ikawapeleka mpaka Marekani. Bendi iliaga mwaka 2000, na kiongozi wao Stuart Adamson akafariki Desemba 2001. Waliobaki wakaifufua mwaka 2007.

Big Country walichukua chombo kipya wakakitia sauti ya kwao. Zawose alianza na chombo cha kwao, akaja kukikutanisha na kipya akiwa mtu mzima. Njia zinapishana, lakini swali ni moja: ukiingia kwenye soko la watu, utaingia kama nani? Wote wawili waliingia kama watu wa mahali fulani. Ndiyo maana sauti zao huwezi kuzichanganya na za mtu mwingine.

Kukutana kwa Zawose na chombo kipya kulitoka mwaka 2002 katika albamu ya Assembly, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook, mpiga gitaa aliyewahi kufanya kazi na mwimbaji mkubwa wa Pakistani, Nusrat Fateh Ali Khan. Humo ilimba inapita katikati ya gitaa la umeme na midundo ya mashine. Wapo wanaosema hapo mila iliharibiwa. Mimi sikubaliani nao. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara ninayemsikia mbele ni yule yule mzee, sauti ikishuka kwenye kifua mpaka kama inakwaruza, kisha inapaa juu kama ya mtoto anayeita ng'ombe. Brook anamfuata, hamburuzi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Zawose na Charles walipanda majukwaa ya Marekani wakifungua maonyesho ya Peter Gabriel. Watu wawili kutoka Ugogo, mbele ya maelfu waliokuja kumwona mtu mwingine, wakiimba Kigogo bila kutafsiri neno.

Wakati haya yanatokea, Dodoma ilikuwa inasikiliza nini? Mjomba wangu aliuza kanda Majengo miaka ya 90. Ananiambia aliuza Sikinde, Msondo, Wakongo, kwaya, na mwishoni rap ya Kiswahili ilipoanza kushika kasi. Chibite hakuwahi kuishika mkononi. Jina la Zawose alilijua kupitia redioni, Radio Tanzania ikipiga ngoma za asili, lakini albamu alizoziuza dunia hazikufika kwenye kibanda chake. Hilo ndilo linaloniuma. Muziki uliotoka kwenye mtama wetu ulikuwa unafungwa kwenye makasha mazuri Uingereza, na sisi tulikuwa hatuna hata nakala ya kuazimana.

Hukwe Zawose alifariki Desemba 30, 2003. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Bendi yoyote ya kawaida ingeishia hapo. Mwimbaji hayupo, na aliyetazamiwa kumrithi hayupo. Tumeshuhudia bendi kubwa zaidi zikizimika kwa kifo cha mtu mmoja, vyombo vikarudishwa kwa mwenye mali na wachezaji wakatawanyika kutafuta riziki. Tofauti ilikuwa moja: vyombo vya akina Zawose havikuwa na mwenye mali wa nje. Vilichongwa nyumbani, na waliojua kuvichonga walikuwa wanakula sufuria moja na waliojua kuvipiga. Miaka yote ile ya Bagamoyo mzee alikuwa anazuga kama anasafiri na kufanya maonyesho, kumbe anajenga nyumba ya kupokezana.

Ushahidi upo. Kundi la familia, likijiita Chibite, lilikutana na mpiga banjo wa Marekani Béla Fleck alipopita Tanzania kutengeneza filamu na albamu. Kazi hiyo aliipa jina linalotokana na maana ya Bagamoyo, yaani kubwaga moyo, na mwaka 2010 albamu ikashinda tuzo ya Grammy. Humo yumo pia Anania Ngoliga, msanii mwingine wa Kigogo. Mwaka 2017 Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, alitoa albamu aliyoiita Uhamiaji, akichanganya ilimba na sauti za kompyuta. Uhamiaji! Sijui kama kuna neno moja linaloweza kueleza ukoo huo vizuri zaidi.

Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni cha mwaka 2024. Pendo Zawose na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu ya Maisha kupitia Real World, wakitumia jina la The Zawose Queens. Kwa miaka mingi wanawake wa familia hiyo waliimba nyuma, wakacheza na kuitikia, na jina kwenye kasha lilikuwa la mwanamume. Sasa wamesogea mbele, na ilimba ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume wameishika wenyewe. Nilipomsikilizisha bibi kwa simu alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Akasema, "Muheme siku zote ulikuwa wetu. Hayo mengine walikuwa wamechelewa tu."

Na Dodoma yenyewe? Tangu mwaka 2009 Chamwino kumekuwa na Tamasha la Muziki wa Cigogo, lililoanzishwa na Kedmon Mapana, mwalimu wa muziki na Mgogo mwenyewe, ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA. Vikundi kutoka vijijini hukusanyika hapo, wazee kwa watoto wa shule. Serikali nayo ilianza kuhamia kwa dhati baada ya tangazo la 2016, na mji ukawa jiji mwaka 2018. Sasa kodi ya chumba imepanda, maghorofa yanaota Mtumba, na lafudhi za nchi nzima unazisikia ndani ya daladala moja. Vijana wenzangu wa Kigogo wengi wanaona aibu kuongea Kigogo mbele ya wageni hao. Hapo ndipo naona hatari. Zawose alitoka Dodoma akabaki Mgogo mpaka Marekani. Sisi tunaweza kabisa kubaki Dodoma na tukaacha kuwa watu wa hapa bila kupanda hata basi.

Kwa hiyo washikaji, hasa nyie mnaoandika, swali la kuhama au kutohama nimeanza kuliona dogo. Zawose alihama kwa sababu studio, mshahara na Rais vilikuwa pwani. Angekaa Doduma labda tusingemjua. Hatuwezi kumlaumu, na hatuwezi kulaumu mwenzetu yeyote atakayepanda basi kesho na daftari lake. Kilichomwokoa ni vitu vitatu. Hakuitupa lugha yake alipofika kwa wakubwa. Hakuogopa kuongeza ndimi kwenye ilimba. Na alifundisha wa nyumbani kwake mpaka wakaweza bila yeye, ingawa wengine, kama wanawake, iliwabidi wasubiri zamu yao kupita kiasi.

Mimi bado sijaamua kama nitaenda Dar. Nauli ninayo nusu. Ila riwaya yangu imebadilika. Mhusika wangu mkuu alikuwa anaongea kama mtu wa Kariakoo, maana nilidhani huko ndiko riwaya zinakokaa. Nimemrudisha Ugogo, mwaka wa ukame, na mama yake namwacha aongee Kigogo pale hasira zinapompanda. Msomaji wa Tanga au Kigoma asipoelewa neno ataelewa hasira. Kama watu waliokuja kumwona Peter Gabriel waliweza kumsikiliza mzee wa Doduma bila mkalimani, sisi kwa sisi tutashindwaje?